Meneja Amesema ni Utani

Jumapili, 24 Julai 1994

Sare! Moja kwa moja, na ushindi tulikuwa nao mkononi. Dakika za mwisho tukapata penalti. Mpigaji Twaha, mshambuliaji wetu, kijana wa Nakapanya, ambaye tangu ajiunge na timu yetu ya Mkuki hajakosa penalti hata moja. Mashabiki wa wapinzani wetu, Radi, wakaanza tena. Tangu kipindi cha kwanza, kila akigusa mpira wao wanalia kama nyani. Hu! Hu! Hu! Na maganda ya ndizi wanarusha. Eti mweusi kupita kiasi, eti katoka porini Tunduru. Twaha akautazama mpira, akautazama umati. Akauokota, akamkabidhi refa mkononi, akatoka uwanjani bila kugeuka nyuma. Penalti akapiga beki. Mpira haujapatikana mpaka sasa.

Mechi itarudiwa Jumapili ijayo. Mshindi anakwenda Dar es Salaam kuwakilisha mkoa, na meneja wake anakaa kiti cha mbele cha basi. Meneja wa Mkuki ni mimi, Makarius, muuza mitumba niliyebobea. Dar sijawahi kufika.

Lakini leo si siku ya huzuni! Mwandishi mmoja, jina lake Leo, wa lile gazeti jipya la watu binafsi, aliniomba maoni. Mimi! Nikafunga vifungo vyote vya koti langu, lile la sufu la Kijerumani nililolitoa kwenye robota la mitumba kabla wateja hawajaliona. Nikamwambia hakuna ubaguzi katika mpira wetu. Ubaguzi ni wa Makaburu, na hata wao mwaka huu wameuacha. Zile kelele ni utani tu. Babu zetu Wangoni walipigana na babu zao kina Twaha, Wayao, kwa hiyo ni watani, na mtani hakasiriki. Twaha awape mkono mashabiki wa Radi, yaishe. Huyo Leo aliandika kila neno. Mke wangu Aurelia anasema ingetosha kusema tumetoka sare. Mambo ya waandishi hayajui.

Jumatano, 27 Julai

Gazeti limefika na basi la Dar. MENEJA: KELELE ZA NYANI NI UTANI. Jina langu mara nne, picha hakuna, lakini atakayesoma atahisi koti. Nimenunua nakala tatu. Moja nimebandika ukutani karibu na Bikira Maria, chini kidogo, kwa adabu.

Twaha hajaja mazoezini. Ametuma ujumbe kwamba atarudi nikifuta maneno yangu pale pale nilipoyasemea, watu wakisikia. Nifute! Mimi, mjukuu wa watu waliokuja na mikuki kutoka kusini! Nikifuta, ukutani nibandike nini?

Nina akili nyingine. Jioni nimempeleka Otto, kinara wa mashabiki wa Radi, mpaka chumba anachopanga Twaha, wapeane mikono kama nilivyoagiza gazetini. Otto akatoa mkono. Twaha akaupokea, kwa heshima kabisa. Nikaona nimemaliza ubaguzi kabla ya chakula cha usiku. Tulipofika mlangoni Otto akageuka, akasema hu. Kidogo tu! Twaha akafunga mlango na vidole vyangu vikiwa bado kwenye fremu.

Ijumaa, 29 Julai

Wamekuja wageni. Bibi Chiku, shangazi yake Twaha, anayeuza korosho sokoni, na mpwa wake Nasrin, na wanawake wengine wa Tunduru, wote wakicheka. Gazeti mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama ni kweli mimi ndiye niliyesema sisi ni watani. Nilijisikia fahari. Nikajibu ndiyo, na mtani hakasiriki.

“Alhamdulillahi,” akasema Bibi Chiku, akamkamata jogoo wangu.

Nikacheka. Ndiyo utani, mtani huchukua apendacho. Mwingine akabeba kigoda. Nikacheka. Mwingine redio! Nikacheka, ingawa meno yaliuma. Ndipo Nasrin akaniomba nisimame, akanivua koti. Mwezi wa saba! Songea! Baridi hii ya kukata masikio! Nilitaka kusema neno, lakini majirani wa mtaa wetu wa Bombambili walishajaa uani, kila mmoja anangoja kuona kama nitakasirika. Nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Aurelia amewapikia chai. Kisha akawauliza kama na kitanda kinafaa.

Jumamosi, 30 Julai

Nimeamkia sokoni. Kwenye meza yangu ya mitumba kakaa Bibi Chiku, anawauzia wateja suruali zangu na kuwapunguzia bei kwa kisingizio cha utani. Nikasema nitatembea kidogo, nipoe. Kona ya kwanza, kijana mmoja juu ya baiskeli akanilia hu! Kona ya pili watatu. Hu! Hu! Watu wa hapa hapa! Wauza mboga wakashika mbavu. Mmoja akanirushia ganda.

Sikukasirika. Niandike wazi: sikukasirika. Nilisimama tu, masikio yakawaka moto, nikasahau nilikokuwa naenda. Kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya mferejini.

Mchana nimemfuata Bibi Chiku kuomba koti. Akaendelea kumenya korosho. Kisha akasema mtani anajulikana msibani. Akanikumbusha: baba yangu alipofariki, nani walikuja wakatania maiti, wakalala kaburini wakidai shimo ni lao, kisha wakachimba na kuzika? Nikakumbuka. Yeye mwenyewe alikuwepo, alivaa kofia ya marehemu. Tulilia na kucheka siku ile.

“Sasa huyo Otto,” akaniuliza, “wallahi, atamzika mwanangu?”

Akasema anayekucheka na hatakuzika, huyo si mtani wako. Koti hakunipa.

Usiku huu siandiki zaidi. Nina baridi.

Jumapili, 31 Julai

Upepo mkali. Mimi na shati tu. Kabla ya mechi nikaomba kipaza sauti. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye mababu ndani, lakini nikamwona Twaha nyuma ya mstari, viatu vimening'inia shingoni, ananitazama bila chuki wala huruma. Hotuba ikanipotea. Nikasema mimi Makarius nafuta maneno yangu. Kelele zile si utani. Ni matusi, na aliyetukanwa ni mchezaji wangu, na mimi nilikuwa upande wa waliomtukana. Nikasema jana walinilia mimi nikakimbilia mferejini, lakini Twaha alitoka uwanjani kichwa juu. Basi.

Twaha akakaa chini, akavaa viatu.

Otto na wenzake wakaanza tena, hu! hu! Bibi Chiku akapiga kigelegele, wanawake wa korosho wakajibu, na jukwaa letu zima la Bombambili likasimama likiimba jina la Twaha mpaka Otto akawa anafungua mdomo bila kusikika. Dakika ya sabini Twaha akapiga kutoka mbali. Nyavu! Moja bila! Dar!

Hakushangilia kwa fujo. Alikimbia mpaka kwa shangazi yake, akachukua koti langu, akavuka uwanja mzima mchezo ukiwa umesimama, akanivika mbele ya watu, akanipa mkono. Refa akamwonyesha kadi ya njano. Nimelia. Upepo ulikuwa mkali, lakini nimelia. Katika maisha yangu sijawahi kujivuna kwa ajili ya mtu mwingine namna ile, na ladha yake ni nzuri.

Jumatano, 3 Agosti

Gazeti limefika! Safari hii na picha, na koti lote linaonekana! Nilisahau kuandika kwamba baada ya mechi yule mwandishi Leo aliniomba maoni tena. Sikumnyima. Nilimweleza kwamba ubaguzi katika mkoa wa Ruvuma nimeumaliza mimi, kwa kipaza sauti kimoja, na wakinihitaji kwingine niko tayari. Akauliza kuhusu mechi yetu ya kwanza Dar, dhidi ya timu ya Iringa. Nikasema neno dogo tu kuhusu Wahehe wa huko na nyama ya mbwa. Nikamsisitizia aandike kwamba hilo si ubaguzi, ni utani, na mtani hakasiriki. Wamelifanya kichwa cha habari! Twaha amelisoma mazoezini, akashika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. Nafikiri ameanza kunielewa.

Nimebandika ukutani nakala mpya juu ya ile ya zamani.

Jirani amepita kusema wanawake wa Kihehe wanaouza viazi stendi wanaulizia nyumba ya meneja, na wana toroli. Watakuwa wanakuja kunipongeza. Aurelia ameshainjika chai. Koti langu amelikunja vizuri, ameliweka pale mlangoni.