Nilivyoisema Njombe Mbele ya Mkwe

Kamwene wenzangu. Leo aibu imenikuta nimekaa kiti cha mbele, nimevaa suti, na wigi nimelichana. Nawaandikia nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa ndani. Kaka yangu yuko nje ananisubiri nitoke, na mimi sitoki.

Kwa ambao hamjui nimefuata nini huku baharini, ni hivi. Binti wa kaka yangu, Faraja, amepata mchumba Dar, kijana mzuri anaitwa Erick. Mama yake Erick amestaafu, na wanawe wakamzawadia mapumziko kwenye hoteli ya kifahari ufukweni. Mama akasema, waiteni na hao wakwe zangu wa Njombe, tuongelee harusi huku huku. Gharama zote juu yao. Basi tukaja, mimi na kaka, Faraja tukamkuta hapa.

Desturi mnaijua. Send-off kwa binti, harusi kwa mwanaume. Ila sisi tulikuja na ombi. Mama yetu, yaani bibi yake Faraja, ndiye aliyemlea huyu mtoto tangu mama yake alipofariki, hajaanza hata kutambaa. Siku hizi miguu yake ikikaa kwenye gari kutoka Njombe mpaka Makambako tu inavimba, viatu havivaliki. Dar hawezi kufika. Na ameomba kitu kimoja, amwone Faraja akitoka na mume wake kwenye mlango wa kanisa letu la misheni. Wakati tunaondoka alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye mwenye mdomo. Kaniombee."

(Mdomo ninao kweli. Ndio shida yenyewe.)

Tulifika jana jioni, upande wa Erick ukiwa bado njiani, kwa hiyo hatukuonana. Nikapewa kijumba changu peke yangu, kinatazama bahari. Kitandani nikakuta taulo limekunjwa limekuwa bata. Bata kabisa, na shingo. Nikaona ni dhambi kumfumua, nikaoga nikajifuta na kanga. Kile kidude cha kupoza hewa nacho sikujua kinazimwaje, nikalala na sweta. (Nimetoka Njombe kuja kupigwa baridi baharini, tena kwa gharama za watu.)

Asubuhi nikaamka kabla ya jua, kama kawaida. Kwetu ukiwa mgeni wa kike halafu jua likukute uwanja haujafagiliwa, utasemwa mpaka kwenye kipaimara cha wajukuu zako. Nikafungua mlango. Mbele ya kijumba changu pamejaa majani makavu na yale majani ya baharini. Na pembeni, kwenye mti, pameegemezwa fagio la chelewa.

Sasa ningefanyaje?

Nikajifunga kanga yangu ya kazi, kitambaa kichwani, juu fulana ya kijani ya kwaya, nikaanza. Mchanga unafagilika vizuri jamani, unaacha mistari unapendeza. Nikamaliza kwangu. Nikaona kufagia kwako ukaacha kwa jirani ni roho mbaya, nikaunga kwa kaka. Halafu kijumba kinachofuata. Wakapita wafanyakazi wawili wa hoteli wakasema, "Mama, acha, sisi tutafanya." Nikawaambia pumzikeni wanangu. Nikaona nao wamevaa fulana za kijani, nikafurahi kwamba tumefanana. Akili yangu iliishia hapo hapo kwenye kufurahi.

Nilipofika kijumba cha mwisho, kuna mama mmoja amekaa barazani. Mama mtu mzima, amependeza, amevaa dera na miwani ya dhahabu.

"Dada, za asubuhi. Samahani, naomba uniletee chai ya rangi, na tangawizi kama ipo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mama, mimi pia ni mgeni. Lakini mtu mzima amekuagiza chai, utamjibu hivyo? Nikaenda jikoni nikaomba chai, wakanipa, nikampelekea. Akashukuru sana. Akaniambia, kaa kidogo dada, umefagia mno. Nikakaa kwenye ngazi.

"Leo nina kazi," akasema. "Nina kikao na wakwe zangu wanatoka huko Njombe."

Wenzangu, ndiye. Mama Erick mwenyewe. Na mimi nimekaa miguuni kwake na kanga iliyochanika, vumbi mpaka kwenye kope, fagio mkononi. Mkwe ndio unamwona hivyo kwa mara ya kwanza? Nikapiga hesabu haraka: nikinyamaza nikaondoka, nikaoga, nikavaa suti na wigi, hatanijua. Kwa hiyo nikabaki mfanyakazi.

"Wanataka harusi ikafanyike kwao," akaendelea. "Mimi nasita. Wewe umewahi kufika Njombe?"

"Nimewahi kupita tu, mama."

(Nimezaliwa huko. Nimebatizwa huko. Nimezalia huko.)

"Eti ni baridi kweli?"

Sasa hapa lazima niwakumbushe kazi yangu. Mimi ni muuza mitumba, pale Makambako mnanijua. Mteja akisema shati hili limepauka, mimi nasema umeona vizuri mama, limepauka kidogo. Mteja habishiwi. Mteja anakubaliwa mpaka ananunua. Nimefanya hivyo miaka na miaka, mdomo unajiendesha wenyewe. Mama kasema baridi, mdomo ukajibu, "Baridi ya huko mama, acha kabisa."

Akacheka. Na mimi mtu akicheka naongeza.

Nikamwambia maji ya kuoga yanaganda kwenye ndoo, mnavunja na mwiko. Akacheka. Nikamwambia watu wanaoga Jumamosi, tena Jumamosi yenye jua. Akashika mbavu. Nikamwambia ukungu wa huko ni mzito, mtu alimwamkia ng'ombe "Tumsifu Yesu Kristo" akidhani ni padri, na hakushtuka mpaka alipoona haitikiwi. Mama akaweka kikombe chini maana chai ilikuwa inamwagika. Nikamwambia chakula ni viazi asubuhi, mchana viazi, usiku wanabadilisha, wanakula viazi vya kukaanga.

"Na watu wake?"

"Wabishi."

"Maana nimeambiwa kuna shangazi mtu, ndiye msemaji wao. Ana mdomo huyo."

"Huyo ndiye wa kumwogopa, mama," nikasema.

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu. Akafuta machozi ya kicheko akaniambia, "Umenisaidia sana, dada. Unaitwa nani?"

"Mwajuma," nikajibu. Sijui lilitoka wapi. Kwenye ukoo wetu wote hatuna Mwajuma.

Nikarudi chumbani mbio. Nikaoga, nikaupaka uso huu kila kilichokuwepo kwenye mkoba. Suti ya zambarau, wigi, viatu vya kuchuchumia, manukato. Nikajitazama kwenye kioo nikasema Mwajuma amekufa. Kaka akaniuliza, "Asubuhi yote ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa nasali.

Kikao kikaanza mchana, kwenye ule mgahawa wao usio na kuta, bahari hapo. Upande wao mama Erick, Erick, na baba yake mdogo ambaye ndiye mshenga. Upande wetu kaka, mimi na Faraja. Nikamsalimia mama Erick kwa mikono miwili. Akanitazama. "Karibu sana, shangazi, tumekusikia." Hakunijua. Nikakaa kwa maringo, mguu juu ya mguu.

Kaka akatoa ombi letu. Akaeleza habari za mama, miguu yake, alivyomlea Faraja. Aliongea vizuri kaka yangu, mpaka Faraja akainamisha kichwa. Baba mdogo akasema, "Kwa kweli ombi hili linagusa." Nikaona limekwisha, hata mdomo wangu hautahitajika.

Mama Erick akakohoa kidogo.

"Namheshimu sana bibi," akasema. "Lakini nina ndugu wazee wenye kifua, na mimi mwenyewe presha. Nimeulizia. Huko maji yanaganda kwenye ndoo. Ukungu mtu haoni mbele, mpaka watu wanaamkia ng'ombe wakidhani ni mapadri. Wageni wangu nitawapeleka wapi jamani?"

Mimi nikaanza kutafuta mlango wa kutokea, nikakumbuka mgahawa hauna milango.

"Mama, nani amekwambia hayo?" Faraja akauliza kwa upole.

"Mfanyakazi wa hapa hapa. Mwajuma. Mtu mwaminifu kabisa, aliwahi kupita huko."

Kaka yangu mnamjua. Ni mpole mpaka uguse nyumbani. Akasimama. "Huyo Mwajuma ni mwongo! Aitwe hapa, aseme mbele yetu."

"Kaka," nikasema, "tuachane na wafanyakazi wa watu, tunaweza kumharibia kibarua."

"Aharibikiwe. Ametutukana. Wewe shangazi mtu umekaa tu? Leo hasira zako ziko wapi?"

Nikasema zipo. Akamwita kijana aliyekuwa anatuhudumia, akamwambia kaniitie Mwajuma. Kijana akashangaa. Akasema hapa hakuna Mwajuma. Mama Erick akasisitiza, yupo, alikuwa anafagia asubuhi mbele ya vijumba, akaniletea na chai.

Uso wa kijana ukachangamka. "Aaa, yule si mfanyakazi, mama. Ni mgeni wetu alitusaidia, tumemshukuru sana." Akanionyesha kwa mkono wazi, kwa heshima zote, kama anavyomwonyesha mtu meza yake. "Ni mama huyu hapa."

Wote wakageuka. Kaka. Faraja. Erick. Baba mdogo na kijiko chake. Mama Erick akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akanisogelea.

"Mwajuma?"

"Abee."

Nimeitika. Wenzangu, ningeweza kukataa. Ningesema kijana amenifananisha. Lakini mtu mzima ameniita, mdomo ukaitika wenyewe.

Faraja akajifunika uso na leso ya mezani. Kaka akakaa chini polepole, akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipounguza ghala la mahindi.

"Kwa hiyo," mama Erick akauliza, na sauti hata sikuielewa ni ya hasira au ya nini, "maji yanaganda au hayagandi?"

"Hayagandi, mama."

"Na yule ng'ombe?"

"Niliongeza."

"Na huyo shangazi wa kuogopwa?"

"Huyo ni kweli."

Baba mdogo akapaliwa. Lakini mama Erick hakucheka. Akaniuliza, "Sasa kwa nini? Unakuja kuomba harusi kwenu, halafu unanitisha nisiende?"

Nikatafuta uongo wa kujibia, nikakosa. Nikamwambia ukweli. Kwamba niliona aibu kukutana naye nikiwa na kanga mbovu. Kwamba alipocheka nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mama yangu ananisubiri. Kwamba yeye hata hajaomba kuletewa zawadi, ameomba kusimama mlangoni pa kanisa ambalo amelifuata kwa miguu maisha yake yote, mtoto aliyemlea atoke, amwone, basi. Na kwamba mimi ndiye niliyetumwa, na nimeiharibu kazi kwa kutaka kuchekesha watu. Hata wigi lilikuwa limehama, sikulijali.

Mama Erick akavua tena miwani, akasema, "Mama yangu hakuiona harusi yangu. Alikuwa anaumwa, tukasema haina haja ya kuisogeza, tutampelekea picha."

Akaivaa miwani, akamgeukia Faraja.

"Harusi itafanyika Njombe," akasema. "Wenye vifua wavae makoti. Na mimi sitaki hoteli, nitalala kwa Mwajuma."

Hapo ndipo alipoanza kucheka, na alipoanza hakusimama. Baba mdogo naye, Erick naye, hata yule kijana wa hotelini. Sasa hivi huku kila mtu ananiita Mwajuma. Nimesikia Erick akimwambia Faraja jina hilo litaandikwa kwenye kadi ya mwaliko. Kaka peke yake ndiye hajacheka, ndiyo maana nimejifungia.

Nimempigia mama simu sasa hivi. Nikamwambia wamekubali, harusi ni kwetu. Akalia. Halafu akajikaza akaniuliza, "Wewe mtoto, umewaambia nini mpaka wakubali?"

Nikamwambia, "Nimewaambia ukweli, mama."

Ni kweli niliwaambia. Kwamba nilianza na nini kabla ya huo ukweli, hakuniuliza. Kwa hiyo mlioko jirani na nyumbani, nawaomba kwa heshima: mkapite kumpongeza, mnywe chai yake, na mkisikia kicheko kinawajia, tokeni kwanza nje.