Mchicha wa Pembe ya Nyuma

Jumamosi, 4 Mei

Kuanzia leo mimi ni mkulima! Nimeona kwenye simu jinsi inavyofanywa. Sanduku la mbao lisilo na chini. Unaliweka uani, unalijaza udongo, unapanda, unavuna. Hulimi. Jembe hulishiki. Sijui kwa nini watu wamejitesa miaka yote hii.

Mke wangu hakushangilia. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akataja sabuni. Halafu akataja kuku. Sawa, sabuni haikutoa povu, na kuku walihamia kwa watu wengine kwa hiari yao. Yamepita hayo! Akasema hii ndiyo ya mwisho. Kaka yake anakuja kula kwetu Jumapili ya tarehe ishirini na sita, na mboga ya siku hiyo itoke kwenye hilo sanduku langu. Isipotoka, Jumatatu yake naenda kuuza misumari dukani kwa kaka yake.

Mimi! Chini ya Shemeji! Mtu anayenipigapiga mgongoni kila tukikutana, utadhani nimepaliwa.

Jumapili, 5 Mei

Shemeji ameleta mbao mwenyewe, mabaki ya dukani. Amenipigapiga mgongoni. Amesema nisiwe na wasiwasi, kiti changu dukani kiko tayari. Nimecheka kwa meno tu.

Pembe ya nyuma ya ua, karibu na choo, ndiyo inayopata jua kutwa. Ua ni wa wapangaji wote, na jirani yetu fundi cherehani ameitolea macho pembe hiyo siku nyingi, aanikie nguo za wateja. Nimemuwahi! Tena chini pale kuna zege la mduara, bapa kabisa, lenye pete ya chuma katikati. Bila shaka mafundi walilisahau. Sakafu ya bure! Magugu yatapita wapi? Nimekalisha sanduku juu yake, likakaa kama limepimiwa.

Fundi cherehani akatoka na futi yake shingoni. Akasema kuna jambo kuhusu hiyo pembe. Nikamwambia najua. Akasema hapana jirani, hujui. Nikamwambia pembe imeshapata mwenyewe na nguo zake azianike kwingine. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Kijicho kitamuua yule.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna aliyenionya kwamba sanduku linakula udongo kiasi hiki! Toroli baada ya toroli, na bado linaachama tu. Mgongo wangu si wa kuutegemea tena. Nimeinama kuliko wenye majembe.

Juu nimemwaga samadi mbichi, bado ina joto la zizini. Aliyeniuzia alishauri niiache ikae wiki kadhaa kwanza. Wiki kadhaa nitazitoa wapi, mwilini mwangu? Nimepanda miche ya mchicha na ya nyanya hapohapo.

Alhamisi, 9 Mei

Miche imeungua yote. Imelala chini, ya manjano, imenishtaki kwa Mungu.

Nimechota samadi yote na kuipeleka mbali. Nimeleta miche mingine, mchicha mtupu. Nyanya zina maringo, siziwezi. Mke wangu amerudi kutoka kazini, amenikuta nimepiga magoti matopeni, ameuliza kama ile miche ya juzi imesafiri. Nimeendelea kupanda.

Jumatatu, 13 Mei

Watu wana maneno! Ua mzima unalalamika harufu. Wanasema samadi yangu imewatoa chakula mdomoni. Samadi gani? Haipo! Nimewaeleza mmoja mmoja kwamba harufu ya kitu ikishakaa puani hubaki siku kadhaa, hata kitu chenyewe kikiondoka. Hili nimelitunga mimi, lakini nilipolisema mara ya tatu lilianza kuniingia akilini.

Fundi cherehani amekuja tena. Amesema harufu hiyo si ya samadi na tatizo ni lile zege. Nikamkatiza. Nikamwambia zege langu liache. Mtu akikosa pembe ataanza kuchokonoa zege!

Ijumaa, 17 Mei

Mchicha umesimama! Majani mapana, mazito, yanameta asubuhi baada ya kumwagilia. Nimesimama kuutazama mpaka chai ikapoa. Mke wangu kabla ya kutoka alipita pale, akalishika jani moja kwa vidole viwili, akaliachia. Hakutaja kuku wala sabuni. Nimefurahi kama mtoto.

Jambo moja la kuudhi. Choo kinameza maji kwa kusitasita, halafu kinanguruma. Nimejua mara moja chanzo ni nini: vitambaa vya fundi cherehani. Anavikata kutwa, anavitupa wapi? Nimebandika tangazo mlangoni pa choo kwa maandishi makubwa kwamba vitambaa visitupwe humu. Jina sikuliandika. Nimechora cherehani tu.

Jioni akaja kugonga kwetu. Nikazima redio nikajifanya nimelala. Akasimama mlangoni muda mrefu, akasema kwa sauti kwamba anasikia ninavyopumua. Sikufungua.

Jumanne, 21 Mei

Choo kimegoma. Ukimwaga maji yanapanda badala ya kushuka. Mwenye nyumba amekuja, mama mkubwa mwenye mkoba mdogo, amesimama katikati ya ua akijifunika pua na ncha ya kitenge. Amesema gari la kunyonya maji machafu litakuja Jumamosi. Nimempongeza kwa uamuzi huo mbele ya wote. Nimemwonyesha na mchicha wangu, akausifu kutoka mbali.

Jumamosi, 25 Mei

Gari limekuja, limefunga njia nzima. Dereva akashusha bomba nene, akauliza mfuniko wa shimo uko wapi. Mwenye nyumba akasema hajui, nyumba ilisimamiwa na marehemu mumewe. Dereva akasema ni mfuniko wa kawaida tu. Wa zege. Wa mduara. Una pete ya chuma katikati.

Shimo! Nimelima juu ya shimo la choo!

Ningesema. Nilifungua mdomo niseme, naapa. Lakini Shemeji anakuja kesho. Kesho tu! Nilichohitaji ni siku moja. Dereva akatutazama mmoja mmoja, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukaonyesha maua ya fundi cherehani chini ya dirisha lake. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda kupeleka gauni la mteja.

Wakachimba. Mawaridi yakang'oka, na lile ua la zambarau analolimwagilia kwa kikombe. Hakuna kitu. Nikapendekeza wasogee kidogo kushoto.

Hapo fundi akarudi. Akalitazama shimo lililokuwa maua yake. Akanitazama mimi. Nilitamani nipasuke niwe vipande viwili, kimoja kikimbie. Akanyoosha kidole, si kwangu, kwenye sanduku. Akasema kwa upole kabisa: jirani, nilikuja kwako mara tatu.

Dereva akasema ana nyumba nyingine zinamsubiri, atarudi kesho asubuhi, akute pale peupe. Mwenye nyumba alisema mengi na sitayaandika. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni na sare yake ya kazi, kasikia yote. Akaingia ndani. Bora angenifokea.

Jumapili, 26 Mei

Nimevunja sanduku alfajiri. Mchicha nimeuvuna wote, nimeuosha maji matatu, mke wangu akaupika. Udongo nimeuhamisha kwa toroli peke yangu huku wapangaji wakinywa chai na kuniangalia.

Shemeji akafika wakati uleule gari linanguruma. Akaingia ameziba pua, akakaa, akapakua mchicha mwingi na kuusifu. Akauliza umelimwa wapi. Fundi cherehani alikuwa dirishani anakusanya mabaki ya maua yake. Akamjibu yeye, kwa niaba yangu.

Shemeji akaweka kijiko chini. Nikaeleza kwamba kulikuwa na zege, na juu ya zege udongo, na hakuna mzizi uliogusa kitu chochote. Akasukuma sahani. Basi nikalivuta bakuli nikaanza kula. Nikala kwa hasira, nikala bila ugali, nikala mpaka machozi yakanilengalenga. Niliumia sana. Wiki tatu za mgongo wangu, na hakuna hata mtu mmoja wa kuonja!

Mke wangu akanyoosha mkono. Akachota kijiko kimoja kutoka bakuli langu, akatafuna taratibu. Akasema ni mtamu. Akachota cha pili.

Kaka yake alipoondoka, mke wangu akaniambia kwamba mboga imetoka kwenye sanduku, kwa hiyo haki yangu ninayo, dukani hanilazimishi. Lakini ananiomba. Amechoka kuibeba nyumba hii peke yake. Na nikamwombe radhi jirani. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nimekwenda kwa fundi. Nimemwomba radhi kwa maneno kamili, nimempandia upya mawaridi yaliyobaki. Amesema nimeyapanda kichwa chini, ayarekebishe mwenyewe. Kisha nimemwahidi mke wangu mambo mawili: kesho naingia dukani, na uani sipandi tena kitu chochote. Nimeahidi kwa moyo wote. Mambo ya masanduku basi!

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya kwanza kazini. Shemeji amenipigapiga mgongoni mbele ya wateja, akanionyesha kiti, akanionyesha misumari kwa urefu wake, akatoka kufuata mzigo.

Nyuma ya duka kuna ngazi. Nikapanda, si kwa ubaya, kupunga hewa tu. Jamani! Paa lote bapa! Jua kutwa, tangi la maji palepale, hakuna choo karibu, hakuna jirani mwenye futi. Mbao zimejaa chini yangu, misumari ninaiuza mimi mwenyewe. Nikaketi nikafikiri kwa haki kabisa. Niliahidi uani. Paa si ua.

Kufika saa ya kufunga nilikuwa nimepiga masanduku manne na kupandisha udongo wa kutosha kuyajaza, nikaumwagilia vizuri ushikamane. Kesho naleta miche.

Mke wangu ameniuliza kazi ikoje. Nimemwambia naipenda, na ni kweli. Amefurahi mpaka amenishika mkono. Amenitengea chakula, akaketi karibu yangu nikila, jambo ambalo hajalifanya muda mrefu. Sijamwambia kitu. Nataka siku moja nimletee bakuli limejaa, achote kijiko cha kwanza ndipo aulize.

Kule dukani, ukutani nyuma ya kiti cha Shemeji, umetokea ufa, kutoka darini hadi usawa wa bega. Nimesogeza kalenda, imeufunika wote.