Seva Yako Inadai Nimesoma

Ndugu Fundi Mkuu wa Mitambo,

Salamu, na samahani kwa kukuandikia kwa karatasi. Kabla hujaendelea, nakusihi ufunge mlango. Ukimaliza kusoma, uichane barua hii vipande vipande, na vipande hivyo usivitupe kwenye ndoo moja.

Mimi ni karani wa masijala, yule wa dirishani. Miezi yangu ya majaribio kazini inaisha kesho Ijumaa. Jumatatu asubuhi, nikiwa bado nyumbani, simu iliniletea ujumbe wa barua pepe kutoka kwa mkuu wa idara, ambaye sote tunamwita Mzee Risiti kwa sababu kila anachokiandika hutaka uthibitisho kwamba umekisoma. Kichwa chake: "Kuhusu ajira yako." Niliufungua, nikaona maneno mawili, "Nimesikitishwa sana", nikaufunga.

Sasa, sisi wa masijala tuna kanuni: barua isiyofunguliwa haijapokelewa. Na mtu hafukuzwi kwa barua ambayo haijapokelewa. Basi nikatulia, nikaja kazini, nikawasha kompyuta. Nakuta ujumbe tayari una alama ya "Umesomwa"! Nilidhani alama hiyo hukaa ndani ya simu. Kumbe hukaa kwako, kwenye seva, nayo huitangazia kila mashine ninayofungulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno lenyewe. Umesomwa na nani? Umesomwa mpaka wapi? Maneno mawili si kusoma, ni kuchungulia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, hawakusema lisomwalo.

2. Umbeya. Niliurudisha ujumbe kuwa "Haujasomwa", nikashusha pumzi. Jioni ile shangazi yangu, ambaye niliwahi kufungua barua pepe yangu kwenye tableti yake mara moja tu, aliona vinyota pembeni mwa kila ujumbe akadhani ni pambo. Akavigusa vyote, "vipendeze, mwanangu." Kesho yake kompyuta ya ofisini ilikuwa imejaa nyota. Dada wa mapokezi akapita nyuma yangu, akaangua kicheko: "We karani! Hata tangazo la kufunga bomba la choo umelitia nyota? Makubwa haya!"

3. Hili ndilo linaloninyima hamu ya kula. Nilifanya mazoezi ya kujibu. Nilibonyeza "Jibu" kwenye ujumbe wa mzee, nikaandika, "Shikamoo mzee, nakiri makosa yote, hata nisiyoyajua," nikabadilisha anwani, nikajitumia mwenyewe nione linavyosomeka. Seva ikauwekea ujumbe mshale: "Umejibiwa." Kwa hiyo, kwa mujibu wa seva, nimeupenda na nimeujibu. Kwa mujibu wangu, nimeuogopa tu.

Kesho Mzee Risiti atakuja kwako kutafuta ushahidi. Naomba basi, kwa unyenyekevu, uongeze alama ya "Umeogopwa". Ikishindikana, futa alama za wafanyakazi wote, ili sote tuwe hatujasoma chochote tangu tuajiriwe. Nadhani si mbali na ukweli. Na hilo nalo likishindikana, zima seva kesho siku nzima, useme ni panya.

Wasalimie wenzako wote wa chumba cha mitambo, hasa yule mama aliyenirudishia nywila mara nne bila kunicheka.

Wako mtiifu mwenye kutetemeka,
Karani wa Masijala (mpaka naandika haya)

Tanbihi: Shangazi amechoka kuniona nikizunguka sebuleni. Ameshika tableti na kuusoma ujumbe wote kwa sauti: "Nimesikitishwa sana kwamba barua yako ya kuthibitishwa kazini ilichelewa kusainiwa. Sasa iko tayari. Nijulishe kwamba umesoma kabla ya Alhamisi saa kumi, la sivyo nitajua kazi huitaki."

Leo ni Alhamisi, saa kumi na moja.

Tafadhali usiguse kitu! Nimemwandikia mzee kwamba nilisoma Jumatatu, nikafurahi nikatia nyota, nikajibu papo hapo, ila jibu likapotelea kwenye seva yako. Akija, mwonyeshe alama zote. Hazina tarehe, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Jibu lako usilitume kwa barua pepe. Kesho saa sita pita dirisha la masijala, uombe gundi. Nikikupa, nimebaki kazini. Nikisema imekwisha, Mzee Risiti amesimama nyuma yangu. Sema "haya", uondoke, urudi saa nane. Usipomkuta mtu, jichukulie tu: iko droo ya chini, kushoto.