Ombi la Kurudishiwa Treni

Kwa Msimamizi wa Njia ya Matembezi iliyokuwa Reli,
Mombasa.

Bwana,

Baada ya kukutakia afya njema, nakuarifu kwa heshima kuwa njia mliyoitengeneza palipokuwa na reli, kwa maua yake na viti vyake, imenivunjia baraza. Naomba muing'oe, mturudishie treni. Sababu zangu ni hizi:

1. Kwa miaka thelathini na minane, Bwana Aidarus amekaa nami kila asubuhi kwenye baraza la nyumba yangu, Mji wa Kale, tukinywa kahawa na kucheza dhumna. Tangu mwezi wa Mfunguo Tatu hakai. Anatembea. Amenunua raba za kijani, na kanzu huipandisha hadi magotini. Umri wake ni miaka sabini na mitatu.

2. Watembeao huko hawaendi popote. Wakifika mwisho, hugeuka. Abiria wa treni walishuka na mizigo yao, wakaenda makwao.

3. Nilikwenda kumlaumu. Muungwana haanzi lawama kabla ya salamu kutimia, na Aidarus hasimami. Ikanibidi nimwamkue huku nikimfuata. Nilipokwisha kuulizia afya yake, wanawe, wakweze na jirani yake wa Biashara Street aliyevunjika mguu, tulikuwa tumefika mwisho wa njia, nami sina pumzi ya kulaumu. Tukageuka. Kuagana nako kuna adabu yake.

4. Hayo yametukia asubuhi kumi na tisa mfululizo. Lawama bado ninayo.

5. Kahawa inapoa nyumbani. Mke wangu, Bi Mwanaesha, amewapa wajukuu dhumna zetu wajengee vijumba. Baraza la mtu mmoja, Bwana, ni ukingo wa nyumba tu.

Treni yenyewe si lazima ibebe abiria, wala ifike Nairobi. Ipite tu polepole, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, ikipiga honi, mpaka Aidarus akae.

Nisalimie watumishi wako wote, hasa Bi Kasyoka amwagiliaye maua, ambaye huitikia salamu hadi mwisho.

Nami nangoja mlio wa honi,
Hamdan bin Zein

Tanbihi: Treni isije kabla sijazizoea raba zangu, ambazo ni za kahawia na zitafika Ijumaa. Tena kile kiti cha pili kutoka langoni ni kifupi. Hakituenei sisi wawili pamoja na dele la kahawa na dhumna. Tafadhali kirefusheni.