Kura za Shamba la Baba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wakili wangu Mwiti amepiga simu. Dada yangu Ciakuthii amekubali tusiende kortini juu ya shamba la kahawa la marehemu baba. Yeye anataka nusu. Mimi nataka lote. Nani amelipalilia huku yeye ameolewa Gachoka? Sasa ni mjane, anataka kurudi, na tangu adai nusu hatusalimiani.

Mwiti anasema ni sheria ya ushirikiano. Tunakaa meza moja, kila mtu na wakili wake, mpaka tuelewane.

Ushirika! Si angesema mapema. Nimekaa kamati ya chama cha ushirika cha kiwanda cha kahawa vipindi vitatu. Embu nzima hakuna mtu wa kunishinda kwa kura. Maskini Ciakuthii.

Jumatano, 5 Machi

Kampeni. Chai na mkate kwa wazee wote wa kiwanda. Nikawaambia Ijumaa tuko Majimbo, ofisini kwa wakili, nikikohoa mnainua mikono. Kithaka akauliza kama kutakuwa na nyama. Nikasema itakuwako.

Mke wangu Ruguru anasema kwa wakili hakuna kura. Huyu hajawahi kukaa kamati hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Tulifika pikapu imejaa. Ofisini viti vinne tu. Beverlyne, wakili wa Ciakuthii, akaniuliza hawa wazee ni nani. Nikamwambia ni wanachama. Akasema hapa hakuna kura, kila mtu anasema anachohitaji na sababu yake. Na mmoja akikimbilia korti, mawakili wote wawili wanajitoa. Nikauliza mwenyekiti ni nani. Hakuna! Ushirika dhaifu namna hii sijaona.

Nikakohoa. Wazee walikuwa nje, hawakusikia.

Ciakuthii akasema aliomba nusu kwa sababu alijua nitamnyima hata robo. Anachotaka ni mahali pa kujenga, karibu na jiko langu. Kule Gachoka jioni hana hata mtu wa kubishana naye.

Beverlyne akauliza, na wewe mzee? Hotuba yangu ikapotea yote. Nikasema sitaki kahawa ya baba ing'olewe. Ciakuthii akasema nani aing'oe, na aliipanda yeye na baba huku mimi, Runji, nikilikwepa jembe? Walicheka wote. Hata Mwiti, na mimi ndiye ninayemlipa.

Basi ajenge. Kahawa tutachuma pamoja, tugawane.

Beverlyne akasema siku zijazo familia nyingi zitamaliza mambo ya urithi hivi, mezani. Nikamwambia afadhali wameanza na mtu mwenye uzoefu.

Nje, Kithaka akauliza wazee nani anataka Ciakuthii ajenge. Mikono yote juu. Na mkate wangu bado uko tumboni mwao.

Jumapili, 9 Machi

Ciakuthii amekuja. Amesema chai yangu ni maji. Amekunywa vikombe vitatu. Tumebishana mpaka giza. Jioni nzuri sana, lakini sikumwonyesha.

Nimefikiria ile mikono. Ilikuwa ya kukubali uamuzi wangu. Kwa hivyo nilipita bila kupingwa.

Nimempigia Beverlyne nikamuuliza uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wao ni lini. Amecheka mpaka simu ikakatika. Anajua kiti ni changu tayari.

Kesho naagiza mikate.