Ukuta wa Chumba cha Regina

Jumatatu, 5 Aprili 1976
Mvua, siku ya tano. Bati la juu ya chumba cha Regina limetoboka. Dari imelowa, ukuta umelowa, na sasa umeota ukungu mweusi kutoka pembeni mpaka dirishani. Regina, binti yetu wa miaka minne, anakohoa tangu Alhamisi. Mke wangu Tupokigwe anasema ni ukungu. Mimi nasema ni utoto. Hata hivyo nina mpango.

Jumanne, 6 Aprili
Nimepanda juu, nimeziba tundu kwa lami. Kazi safi. Nikiwa bado huko juu akapita Edmund, jirani yangu na karani mwenzangu, na mwavuli wake. Akatangaza mbele ya majirani watatu kwamba bati lililooza halizibwi, hubadilishwa, tena ukuta ukwanguliwe na dirisha lifunguliwe. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria hivyo hivyo! Sasa siwezi tena. Watasema nimefundishwa na Edmund.

Alhamisi, 8 Aprili
Mpango halisi. Nimepika sufuria nzima ya uji mzito wa sembe, nikabandika magazeti ukuta wote, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Ukungu hauonekani hata chembe! Hapa mpira, pale habari za mbolea. Mengine nimezibia nyufa za dirisha, upepo wa mlima Loleza usiingie. Tupokigwe alisimama mlangoni: "Baba Regina, nyumba inaoza, wewe unabandika gazeti?" Nikabandika jingine. Nilikuwa na uji mpaka kwenye viwiko.

Jumapili, 11 Aprili
Magazeti yameota manyoya. Ya kijani. Kumbe ukungu nao hupenda uji. Lami imeachia, maji yanatiririka kama kawaida. Regina macho mekundu, kifua kinapiga miluzi akipumua. Nimeogopa. Nimebandika tabaka la pili.

Jumatatu, 12 Aprili
Bwana afya amekuja. Najua Edmund ndiye aliyemwita. (Baadaye: ni Tupokigwe.) Aligusa ukuta, gazeti bichi likabanduka, mkuu wa mkoa akabaki kidoleni mwake, picha na maelezo. Akasema mtoto akiendelea kulala humu kifua kitaharibika. Tubandue yote, tubadili bati, tuanike godoro, dirisha liachwe wazi. Neno kwa neno kama Edmund! Njama tupu.

Jumatano, 14 Aprili
Tupokigwe amepanda basi na Regina kwenda Iringa kwa dada yake, Damari. Amesema watarudi ukuta ukikauka, si kabla. Regina alinipungia mkono huku anakohoa. Nilijisikia vibaya sana. Nimerudi nyumbani, nimepika uji. Wa kunywa.

Jumanne, 20 Aprili
Barua ya Damari. Regina hakohoi tangu usiku wa pili. Anakula, anakimbizana na kuku. Nimefurahi mno, nimeisoma mara nne. Basi ni hewa ya Iringa, maelezo mengine hakuna. Siku hizi nalala chumbani kwa Regina, kile chetu kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nimeanza kukohoa. Vumbi la ofisini.

Jumamosi, 24 Aprili
Nimelala na homa. Edmund amekuja na ngazi na bati jipya. Sikuwa na nguvu ya kumkataza. Amebadilisha bati, amebandua magazeti, amekwangua ukuta, amefungua dirisha, ametoa godoro juani. Amesema chokaa atapaka ukuta ukishakauka. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Mei
Wamerudi! Ukuta mkavu, mweupe. Regina amelala mchana chumbani kwake saa mbili nzima bila kukohoa. Nilikaa kando ya kitanda nikimsikiliza anavyopumua, taratibu, bila mluzi wowote, na nililia. Tupokigwe amekwenda kumpelekea Edmund mkungu wa ndizi. Kabla ya kutoka ameniagiza mara tatu dirisha libaki wazi. Nimeitikia mara tatu.

Lakini baridi ya Mbeya ya mwezi wa tano! Mtoto akipigwa na upepo si ataanza kukohoa upya? Baba gani atakubali? Nimelifunga. Misumari sita.