Egemeo la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Siku mbaya. Mama mkwe karudi kutoka kliniki ya nyonga, kapakiwa kwenye pikipiki ya shemeji, kaka wa mke wangu. Kashuka anatabasamu! Kasema pikipiki ya shemeji ina egemeo la mgongo, mtu anakaa kama yuko sebuleni. Kisha akanitazama.

Najua alichokikumbuka. Mwezi uliopita nilimpakia mimi, tukafika kwenye tuta, nikahisi mikono yake imeniachia kiunoni. Sekunde moja tu. Aliwahi kunidaka kola. Mpaka leo nikiona tuta, nashika breki kabla ya wakati.

Nimetangaza mezani kwamba Jumamosi nampeleka mimi, na egemeo litakuwepo. Mke wangu akauliza egemeo gani. Nikamwambia aniachie mimi.

Sina egemeo.

Jumatano, 5 Machi
Ninalo! Nimelipata kwa muuza vyuma chakavu, chini ya rundo la vitanda. Mto mweusi, umechanika kidogo pembeni. Muuzaji kaapa linaingia pikipiki yoyote.

Nimefika nyumbani. Lina matundu manne, keria yangu ina mawili. Hata hayo mawili hayatazamani na yoyote. Tena kwenye kiungo, pale chuma kilipochomelewa, kuna mstari mwembamba kama unywele. Mkwaruzo tu. Nadhani.

Nimeupaka rangi nisiuone.

Alhamisi, 6 Machi
Bolti mbili, waya wa kuanikia nguo, na vipande vya tyubu kuziba nafasi. Kwa macho, kazi safi. Moyo ukakataa kutulia. Nikaamua kulijaribu kwa gunia la mchanga, uzito wa mama mkwe kwa makadirio (makadirio hayo yasitoke humu). Nikalikalisha, nikaliegemeza, nikaondoka taratibu. Barabara tambarare: shwari. Tuta la kwanza: egemeo chali, gunia chali. Mchanga barabara nzima!

Na nani alikuwa anapita? Shemeji. Akasimama, akazima injini, akatoa pole. Si kwangu. Kwa gunia.

Nimekwenda kwa fundi wa pikipiki, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kakwangua rangi yangu kwa ukucha, kasema ule si mkwaruzo, ni ufa. Kasema keria ni ya mizigo, haibebi mgongo wa mtu. Egemeo lishikwe kwenye fremu, kwa bolti nne za kipimo chake na nati zisizolegea kwa mtikisiko, na taa ya nyuma ibaki inaonekana. Nafasi anayo Jumatatu.

Nimemshukuru, nikaondoka. Maringo ya fundi tu hayo. Nitaongeza waya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongeza waya. Mizunguko kumi na minne.

Alasiri mke wangu katoka kazini. Hata mkoba hajatua, kashika egemeo kwa mkono mmoja, kalivuta. Likabaki mkononi mwake! Ufa ulikuwa umemaliza kazi yake.

Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Aliniuliza tu, “Hapa ndipo ulitaka kumkalisha mama yangu?”

Nikaangalia tairi. Nikaliona lile tuta, mikono inaachia, na safari hii hakuna kola ya kudaka. Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia naogopa. Tangu siku ile naogopa, na sikujua namna ya kusema.

Akakaa kando yangu. Kisha akampigia kaka yake.

Shemeji kaja mbio. Hakucheka hata kidogo, na hilo limeniudhi kuliko kicheko. Kambembeleza fundi asifunge karakana. Fundi kakata sehemu yenye ufa, kachomelea chuma kipya, kafunga egemeo kwenye fremu, bolti zote nne. Mimi na shemeji tukalivuta kwa nyuma kwa pamoja, miguu tumeikaza, meno tumeyauma. Pikipiki ilitaka kuja nasi. Egemeo halikucheza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempeleka! Nimesimama njiani mara kumi na moja kukagua nati. Kwenye matuta nilikwenda mwendo wa kobe, baiskeli zikatupita. Tukachelewa. Muuguzi akauliza kulikoni, mama mkwe akamjibu, “Mkwe wangu ananibeba kama mayai.”

Sijui ni sifa au lawama. Nimechagua sifa.

Nyumbani ndipo nikaona shati langu limekunjamana kiunoni, limevutwa mpaka vifungo viwili havipo. Lile egemeo lote, na safari nzima kanishika mimi! Nimelivua shati polepole. Sijalitia kwenye nguo za kufua.

Jumapili, 9 Machi
Nimetubu. Mambo ya usalama ni ya fundi, si yangu. Nimemwahidi mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, shemeji akiwa shahidi.

Ila mama mkwe analalamika miguu inakufa ganzi, vikanyagio viko juu mno. Sasa, miguu si mgongo. Ahadi haikugusa miguu. Na fundi Jumapili hafungui.

Nimeshachora. Kibao kila upande, kinachojikunja. Zinatakiwa bawaba mbili tu, na mlango wa stoo una tatu. Tangu lini mlango ukahitaji bawaba tatu?